Televisheni Iliyonikonyeza Mbele ya Wakwe

Bajaji kwenda na kurudi, elfu sita. Kebo, elfu ishirini na tano. Mke mmoja, huenda. Nimehesabu mara mbili na jumla ni ileile, kwa hiyo acheni niseme tu: leo nimevuliwa nguo Ngamiani, hapa Tanga, mchana kweupe, na nilikuwa nimevaa kanzu.

Wengi mnajua nimeposa. Kwa asiyejua: msichana anaitwa Zuhura, kwao ni Muheza, barua ya posa ilipelekwa na ami yangu, na mpaka leo asubuhi jibu lilikuwa halijarudi. Katika hali hiyo mtu mwenye akili anatulia. Anasalimia kila mzee. Hagombani na mtu. Mimi nikaenda kununua televisheni kwenye duka la baba mdogo wa Zuhura.

(Msinihukumu. Nilitegemea bei ya ndugu.)

Baba mdogo mwenyewe ni Bwana Kassim, ana duka la vifaa vya umeme, mtu mpole, anaongea polepole kama anaomba dua. Jumamosi niliingia, nikashika televisheni ya inchi arobaini na tatu, nikaanza.

"Shikamoo baba mdogo. Hii mwisho ngapi?"

Akataja. Nikacheka. Akashuka. Nikatoka nje, nikarudi. Akashuka. Nikamwambia nimeiona duka jingine kwa bei ndogo. (Sikuiona popote.) Akashuka tena kidogo, akasema, "Mwanangu, hapo nimefika sakafuni. Chini yake ni udongo."

Mtu mwingine angelipa akaondoka. Mimi jicho langu likaangukia kebo mpya ya HDMI, ule waya wa picha, ndani ya nailoni yake, juu ya boksi.

"Na hii?"

"Hiyo inakwenda pamoja na televisheni."

"Basi mimi siihitaji. Ninayo nyumbani. Itoe, punguza elfu kumi."

Akanitazama. Akafungua mdomo. "Lakini kebo hii na zile za zamani si..."

"Baba mdogo, kebo ni kebo."

Akaufunga mdomo, akapunguza. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyepewa kiwanja.

Siku zote zilizofuata, raha tupu. Taarifa ya habari imetulia. Mpira umetulia. Kebo yangu ya nyumbani, niliyoichomoa kwenye king'amuzi cha zamani na kuifunga tepu nyeusi pale ilipochubuka, ikafanya kazi bila kulalamika. Nikawa naihadithia ile elfu kumi kila nikipata msikilizaji.

Leo ndipo nikaweka gemu la magari.

Mashine ya gemu ninayo, niliinunua mkononi kwa mtu, haina boksi wala waya wake wa picha. Nikamwita Rama, rafiki yangu tangu madrasa, aje kwangu Usagara tushindane. Magari yakapangwa. Taa zikawaka. Tukaondoka. Kona ya kwanza, televisheni ikakonyeza.

Nikadhani ni jicho langu. Kona ya pili ikakonyeza tena, giza, mwanga, giza, mwanga. Gari langu likaingia gizani likiwa la tatu, likatoka likiwa limekumbatia ukuta.

"Umeme huo," nikasema.

Nikazima friji. Inakonyeza. Nikazima feni, tukaanza kutoka jasho. Inakonyeza. Nikachomoa plagi ya sebuleni, nikavuta waya mpaka chumbani. Inakonyeza. Nikaenda kwa jirani anayekaanga chipsi kwa jiko la umeme, nikamwomba azime kidogo nijaribu. Akaniuliza, "Nikizima, wateja nawapa viazi vibichi?" Nikarudi.

Tukaweka mpira wa gemu. Umetulia kama maji ya mtungini. Tukarudisha magari. Inakonyeza!

Rama hakusoma mambo ya umeme, ila ana simu na ana subira. Akakaa akasoma huko mtandaoni, kisha akachukua pedi ya kuchezea, akaingia kwenye setingi za mashine.

"Mbwana, nimeona. Gemu la mpira linatoa picha sitini kwa sekunde. Hili la magari linaomba mia na ishirini. Hapo ndipo inapokwama. Ngoja niishushe iwe sitini."

Akaishusha. Tukakimbiza magari raundi nzima. Haikukonyeza hata mara moja. Rama akaweka pedi chini, akajinyoosha. "Yamekwisha hayo."

Sasa sikilizeni. Hapa ndipo mtu mwenye bahati yake angesema alhamdulillah akaendelea kucheza.

Mimi nikauliza, "Boksi la televisheni limeandikwa ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Na sasa napata ngapi?"

"Sitini."

"Rama, hiyo ni nusu!"

"Lakini macho yako hayaoni tofauti."

"Macho hayaoni, mfuko unaona. Mtu akikuuzia kilo ya sukari akakupimia nusu, utasema chai tamu tu?"

Rama akanikumbusha jambo moja kwa sauti ya chini. "Yule ni mkweo mtarajiwa. Jibu la posa halijatoka. Kaa na sitini zako."

Nikamwambia haki ni haki. (Hii sentensi naomba niandikiwe kaburini.)

Nikavaa kanzu, ili malalamiko yawe na heshima. Televisheni nikaifunga shuka. Mashine ya gemu na ile kebo nikatia kwenye begi. Dereva wa bajaji alitaka elfu tano, tukamalizana kwa elfu tatu, akaendesha kwa hasira, nikawa nimeikumbatia televisheni kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Nikaingia dukani. Jumamosi nilimwita baba mdogo. Leo nikasema, "Assalaam alaykum, bwana mwenye duka."

Bwana Kassim akaitikia salamu, akaitazama shuka. "Kheri?"

"Hakuna kheri. Umeniuzia mia na ishirini, napata sitini."

Dukani kulikuwa na wateja wachache na mama mmoja mtu mzima, kajitanda ushungi, kakaa kwenye kigoda karibu na kapu la machungwa, anamenya. Nikaona huyo ndiye shahidi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamchukulia kigoda chake, nikakiweka mbele kabisa.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Kaa hapa uone kwa macho yako, kesho nisije nikaambiwa nimesingizia."

"Mimi?" akasema. "Haya, mwanangu. Tena nimekuja kupumzika tu."

Bwana Kassim akataka kusema kitu. Nikamnyamazisha kwa mkono. (Mkono! Kwa baba mdogo wa Zuhura!) Akaipandisha televisheni mezani, akachomeka mashine yangu kwa waya uliokuwa palepale mezani, akarudisha setingi kwenye mia na ishirini, akanipa pedi.

"Onyesha," akasema.

Nikageukia watu. "Tazameni kona ya kwanza."

Gari likaondoka. Kona ya kwanza ikapita. Picha imetulia.

"Ya pili sasa. Ya pili ndiyo yenyewe."

Ya pili ikapita. Picha inang'aa kama kioo cha kinyozi.

"Inaona haya," nikasema. "Ngojeni niongeze mwendo."

Nikaongeza mwendo. Watu wa nje wakaanza kuingia. Muuza kahawa akasimama mlangoni na birika lake. Mimi jasho linanitoka ndani ya kanzu, nimekodoa macho nangojea giza, siangalii barabara, gari linagonga kila kilichopandwa pembeni. Yule mama akala kipande cha chungwa, akauliza taratibu, "Mwanangu, hilo gari bovu ndilo lako?"

"Si bovu, mama. Naangalia picha."

"Mbona wenzako wanaangalia njia?"

Watu wakacheka. Mwingine akaanza kunishangilia, "Wa mwisho! Kaza, wa mwisho!" Nikamaliza raundi ya kwanza. Nikamaliza ya pili. Nilikuwa namwomba Mungu anipe hitilafu, jamani, hitilafu moja tu ndogo. Nikafika mwisho wa mashindano. Kwenye kioo ikaandikwa nafasi yangu kwa herufi kubwa. Ya kumi na mbili. Magari yalikuwa kumi na mawili.

Bwana Kassim akauliza kwa upole wake uleule, "Nyumbani ulikuwa unatumia kebo gani?"

Hapo, wapendwa, nikalisukuma begi nyuma ya miguu.

"Kebo... ya kawaida."

"Unayo?"

Nilitamani kusema nimeisahau. Lakini ilikuwa imechungulia kwenye zipu ya begi. Nikaitoa. Watu wakasogea waione: imepinda, imechubuka, imefungwa tepu nyeusi sehemu tatu kama mguu wa kuku aliyevunjika. Mama akaacha kumenya.

Bwana Kassim akaichomeka. Magari yakaondoka. Kona ya kwanza: giza, mwanga, giza, mwanga.

"Huyoo!" likapiga kelele duka zima.

Akaichomoa. Akaeleza kama mwalimu wa darasa la kwanza kwamba waya wa zamani unabeba sitini bila shida, ila ukiubebesha mia na ishirini unazidiwa, picha inakatika. Kisha akafungua saraka ya meza, akatoa kebo mpya, bado imo ndani ya nailoni. "Ni hii uliyoniachia Jumamosi. Nilitaka kukueleza, ukaniambia kebo ni kebo."

"Basi nipe, nikurudishie elfu kumi yako."

"Ni elfu ishirini na tano."

"Lakini wewe ulinipunguzia kumi!"

"Wewe uliniuzia kwa kumi," akasema. "Mimi nakuuzia kwa ishirini na tano. Biashara."

Muuza kahawa akaweka birika chini ili acheke vizuri.

Nikavuta pumzi. Ishirini na tano! Nilikuwa na hoja nne tayari ulimini. Ndipo yule mama akafuta vidole kwenye ncha ya kanga, akamgeukia Bwana Kassim.

"Kaka, ndiye huyu?"

"Ndiye huyu."

"Huyu aliyemposa Zuhura?"

Jamani. Jamani! Ni Bi Mwanahawa, shangazi yake Zuhura, kapanda basi asubuhi kutoka Muheza. Nami ndiye niliyembebea kigoda nikamweka mstari wa mbele.

Nikapiga magoti mahali nilipo. "Shikamoo shangazi."

"Ulishaniamkia, baba. Unataka nikupe marahaba mbili kwa bei ya moja?"

Watu wakashika mbavu. Mimi nikashika sakafu.

"Posa yenu tuliikubali," akasema. Moyo ukaruka. "Nilikuja kumwambia kaka amwite mshenga wenu Ijumaa, atajiwe mahari." Moyo ukatua vibaya. "Sasa nimejionea. Mtu kanunua televisheni, kaacha kebo apunguziwe. Huyu tukimtajia mahari, si atatuambia somo wa kumfunda bibi harusi hamhitaji, anaye nyumbani?"

"Hapana, shangazi, mahari sitaigusa, naapa..."

"Wewe sikusemi. Wewe ni kijana, utafundishika. Namsema mshenga wako."

"Ami?"

"Yule mzee alileta barua. Tukaisoma. Tukampa kahawa. Akanywa. Akaaga. Akafika mlangoni, akarudi, akaomba tumrudishie bahasha."

(Bahasha ilikuwa bado nzima, kwa kweli.)

"Kwa hiyo sikia," akasema, na sasa hakuna aliyecheka. "Ijumaa baada ya sala mlete mshenga mwingine. Mtu wa kusikia mahari, akasema tumesikia, akanywa kahawa, akaondoka. Akija wa kuulizia mwisho ngapi, barua yenu itarudi. Na bahasha tutanunua sisi."

Nikasimama. Nikahesabu elfu ishirini na tano, nikamkabidhi Bwana Kassim bila neno hata moja. Akanifungashia kebo, akanisaidia kubeba televisheni hadi kwenye bajaji. Akaniambia polepole sikioni, "Zuhura mwenyewe anakutaka. Usiharibu."

Nimefika nyumbani. Rama ameniona tu usoni, akanipokea televisheni. Amechomeka kebo mpya, anakimbiza magari kwa mia na ishirini, picha imetulia hata inatia uchungu.

Zuhura naye ameandika. Shangazi alishamhadithia yote, mpaka nafasi ya kumi na mbili. Amecheka mistari mitatu. Halafu ameandika, "Mbwana, tafuta mtu. Tafadhali." Nimemjibu nitatafuta, na hapo sikuwa na mzaha.

Tatizo ni kwamba nimeupitia ukoo wetu wote, nimeupitia tena, na mtu wa aina hiyo kwetu hajazaliwa. Ami mkubwa alipatana bei na daktari akiwa kitandani. Baba akipewa chenji anaomba kidogo juu yake. Binamu yangu wa Pangani nilimpigia, nikamweleza kazi ni kusikia tu na kunyamaza. Akaniuliza, "Wakianzia ngapi?"

Kwa hiyo nawaomba, mkishamaliza kucheka, mnisaidie. Natafuta mshenga kwa ajili ya Ijumaa. Mtu mzima, mstaarabu, mwenye kanzu yake, asiyejua kabisa kuomba kupunguziwa. Anayemfahamu mtu kama huyo, Tanga mjini au karibu, aniandikie leo hii.

Malipo yapo. Tutaelewana.