Dubwana Laitwa Kukaguliwa

Redio ya Kinyozi ndiyo iliyochokoza nyuki. Dada Birika alikuwa anamimina kahawa mtangazaji aliposema: magari yote ya porini yaliyoinuliwa na kubadilishwa kienyeji yakaguliwe upya, mwisho leo jioni. Litakaloshindwa litang'olewa namba.

Kijiwe kizima kikamgeukia yeye. Kaka yake, Chuma, ndiye mwenye Dubwana, gari la porini lililoinuliwa kuliko yote mtaani.

"Pole, dada," Kinyozi alisema, meno yote nje. "Msiba umetangazwa redioni."

"Msiba gani? Haki hiyo!" alidakia Mwanasheria. Jina hilo alilipata kwa kulinda geti la mahakama. Sheria zake zote alizisikilizia dirishani. "Gari si ghorofa, bwana. Mtu apande kwa ngazi?"

"Mama mkwe wangu alipanda mara moja," Kinyozi alisema. "Kufika, akagoma kushuka. Akataka aitwe fundi wa paa."

Babu Breki, dereva wa malori aliyestaafu, alijilaza vizuri kwenye kiti kirefu cha sponji. "Nimeshika usukani baba zenu wakivaa kaptula. Gari la hivyo likifika kwenye kona linaomba radhi kwa wazazi."

"Na mikanda je?" Kinyozi aliongeza. "Abiria anajifunga kwa dua!"

Dada Birika alicheka, maana hiyo ya mikanda hata yeye alishamwambia kaka yake mpaka mate yakamkauka. Kisha akaacha kucheka. Dubwana ndilo linalopandisha wapima ardhi mlimani. Namba zikitoka, wapima ardhi wanatafuta gari jingine, na mama yao nyumbani anatafuta pa kushika.

Chuma akatokea kwa miguu, spana mkononi, grisi hadi kwenye kiwiko.

"Wamekurudisha!" Kinyozi alishangilia.

"Wamenirudisha. Nimelishusha, wamekubali. Taa wamekubali. Wanataka vilivyotoka nalo kiwandani: kiti cha nyuma na mikanda yake, kioo cha pembeni na tairi la akiba. Kabla hawajafunga ofisi."

"Safi sana!" Mwanasheria alichukua soda yake, akaifungua kwa kile chuma kilichoning'inia ubavuni mwa kiti, kama alivyozoea. "Mtu unang'oa kiti cha watu uweke spika! Sheria ni msumeno, kijana. Nenda kakitafute ulikokitupa!"

"Sikukitupa," Chuma alisema, macho kwa dada yake. "Nilikigawa. Mdogo wangu, nilikupa kwa moyo mmoja. Ukikataa sitanung'unika."

Dada Birika alikitazama kiti. Kabla hakijaja, watu walikunywa kahawa wima, kikombe kimoja, kwaheri. Kilipokuja, makalio yakapata raha na ndimi zikapata kiu. Biashara yake yote ilikuwa imekalia sponji ile. Akaliweka birika chini.

"Inukeni."

"Nani?" Mwanasheria aliuliza.

"Nyote. Msumeno unakata kwenda na kurudi. Hicho ulichofungulia soda ndicho kifungio cha mkanda."

Mwanasheria aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Chuma akaondoa vikombe na ubao juu ya meza yao. Chini yake, tairi la akiba. Akaingia kibandani kwa Kinyozi, akatoka na kioo cha pembeni. Mteja aliyenyolewa upande mmoja alitoka nyuma yake akipapasa kichwa.

"Kioo changu!" Kinyozi alilia. "Nitanyoa kwa kukisia?"

"Jifunge kwa dua," alisema Dada Birika.

Babu Breki peke yake hakubanduka. "Magoti yangu hayapokei amri ya ghafla. Nibebeni nacho."

Wakambeba nacho. Baada ya kitambo, Dubwana lilipita likinguruma, Babu kafungwa mkanda siti ya nyuma, anapunga mkono kama bwana harusi.

Mwanasheria alibaki wima, kikombe mkono huu, soda mkono ule, hana pa kuweka hata kimoja.

"Sheria hii imekaza mno," alinung'unika. "Hawakutufikiria sisi wananchi. Kiti kitarudi lini?"

Dada Birika alikuwa tayari anakusanya vikombe.

"Sikiliza redio," alimwambia. "Wakitangaza, utakaa."