Mdhamini wa Dereva Mlevi

Hemedi Chilumba hakusoma sheria hata siku moja, ila alikuwa na koti jeusi, na nje ya mahakama pale Mtwara, koti jeusi lilimtosha. Asubuhi ile alipomwona Dickson akishushwa kwenye gari la polisi, macho mekundu, shati linanuka uraka, ile pombe ya mabibo, alijua riziki yake imefika.

Kesi ilikuwa wazi kabisa. Dickson alikunywa, akaendesha pikapu ya tajiri wake, akaingia nayo kwenye genge la nyanya Magomeni. Polisi wakampulizisha kifaa cha kupima ulevi, kifaa kikasema yote.

"Ulipuliza mara ngapi?" Hemedi alinong'ona kwenye dirisha la mahabusu.

"Mara moja, mheshimiwa."

"Mara moja!" Hemedi alishika kichwa kama aliyefiwa. "Na hicho kifaa kinachokutolea ushahidi, kiliapishwa? Kilishika Biblia? Kilishika Msahafu?"

"Sikukiona kikishika kitu."

"Basi hapo hamna kesi, mdogo wangu. Dereva ana haki zake, na haki zote hizo ninazo mimi."

Haki zenyewe alizisoma kwenye bango la kituo cha polisi, siku alipolazwa humo yeye mwenyewe. Kwa kazi hiyo tukufu alitaka magunia mawili ya korosho tu.

"Korosho zipo kwa mama, kijijini Kitaya," Dickson alisema kwa upole. "Lakini mama hampi mtu asiyemjua. Nikipata dhamana leo, kesho unazo. Shida sina mdhamini hapa mjini. Eti, wakili anaruhusiwa kumdhamini mteja wake?"

Hemedi hakujua. Lakini mahabusu watano walikuwa wametega masikio, angeanzaje kusema hajui?

"Wakili mdogo haruhusiwi," alijibu. "Mkubwa anaruhusiwa."

Saa nne alitia saini ya dhamana na kukabidhi kadi ya pikipiki yake. Dickson alimshukuru hadi machozi yakamlengalenga, akaomba nauli ya Kitaya. Akapewa.

Siku nne zikapita bila korosho wala simu. Ya tano Hemedi alijifunga safari mwenyewe hadi Kitaya, akamkuta Rozalia, muuza samaki, kando ya mto.

"Dickson? Huyo hana mama hapa, kaka. Alipita tu juzi, akapanda mtumbwi kwenda ng'ambo, Msumbiji. Mchangamfu kweli! Alisema mjini kapata wakili mzuri ajabu."

Hemedi alikaa chini palepale, kwenye magamba ya samaki.

Siku ya kesi hakimu, mama mmoja mwenye miwani, aliita jina la mshtakiwa mara tatu. Hakutokea mtu. Akamtazama Hemedi.

"Na wewe ni nani?"

Akisema wakili, ataulizwa cheti, na jela iko jirani. Akisema mdhamini, pikipiki imekwenda.

"Mdhamini, mheshimiwa."

"Una siku kumi na nne kumleta mtu wako. La sivyo, pikipiki itapigwa mnada. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sheria inakupa nafasi ya kujieleza kabla ya hapo," hakimu aliendelea, sauti imelegea kidogo. "Na unayo haki ya kutetewa. Unaye wakili?"

Hemedi aligeuka akatazama mabenchi yote, moja baada ya jingine.

"Sina, mheshimiwa," alisema. "Hivi wanapatikana wapi?"