Beji Yangu Inamshinda Violeth

Jumatatu, 5 Mei
Violeth amerudi kutoka mafunzo ya usalama wa mionzi. Ana cheti, begi jipya na marafiki wa Ghana na Namibia kwenye WhatsApp. "Wenzangu wa kimataifa," anawaita. Amesahau tulivyoanza wote kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Rwamgasa, tukibeba mawe! Roho imeniuma mpaka wali umenishinda. Bosi wetu hapa mgodini, Bwana Donatus, kasema Juni atapeleka mtu mmoja Arusha kwenye mkutano wa wataalamu wa mionzi. Akirudi, ndiye msimamizi. Lazima niwe mimi.

Jumatano, 7 Mei
Wazo! Mimi na Violeth tunavaa beji kifuani. Inarekodi mionzi tunayopata, kisha inasomwa maabara. Yake kila mara inasoma karibu na sifuri. Maana yake hafanyi kazi! Yangu itasoma juu, Bwana Donatus aone nani anatoka jasho. Nimeifunga kwa waya kwenye kile kifaa cha mionzi kinachopima tope kwenye bomba. Mwenyewe nimekaa mbali, kivulini. Kazi inaendelea.

Ijumaa, 16 Mei
Beji zimepelekwa. Violeth kaniuliza, "Baba Justa, mbona sikuiona yako kifuani?" Nikamjibu naitunza isichakae. Wivu unamsumbua yule mama.

Alhamisi, 29 Mei
Majibu! Nimempita Violeth, tena mbali sana. Bwana Donatus akaniita ofisini. Nikachomekea shati. Kumbe beji kusoma juu ni hatari, si sifa! Nimekatazwa kukaribia kifaa chochote cha mionzi. Nimetolewa damu hospitali. Mke wangu kalia, akauliza nitamwachia nani watoto. Ikabidi nikiri. Bwana Donatus hakufoka hata kidogo, hapo ndipo nilipoogopa. Amenihamishia getini. Arusha anakwenda Violeth.

Jumanne, 10 Juni
Nimeona video WhatsApp: Violeth ametoa mada Arusha kuhusu tukio la beji. Ukumbi mzima umesimama kumpigia makofi! Kwenye skrini, beji yangu. Jina langu halipo. Kaandika "mfanyakazi mmoja". Mfanyakazi mmoja! Bila mimi angeongea nini? Wenzake wa kimataifa wote wamemwekea mioyo. Sijala.

Lakini hapa getini kuna kipima pombe. Kila anayeingia anapuliza, na tangu nije hakuna aliyesoma juu. Nasikia Septemba kuna mkutano wa walinzi Mwanza. Kesho asubuhi napuliza wa kwanza. Gongo nimeshanunua.