Marahaba ya Umeme

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimefanya utafiti. Nimekaa barazani kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, nikihesabu watu wanaokwenda kwenye pampu ya maji. Wamepita hamsini na mmoja. Walionipa shikamoo ni wanne. Katika hao wanne, mmoja alikuwa anaongea na shangazi yake kwenye simu.

Miaka thelathini na nne nimefundisha fizikia! Nusu ya kijiji hiki wanaijua sheria ya Ohm kwa sababu yangu, na nusu nyingine wanaikumbuka kila wakikaa. Malipo yangu ni kuonyeshwa migongo. Hapo mkabala jirani yangu Urbano, bwana mifugo mstaafu, anasalimiwa na kila kiumbe. Kwa nini? Kwa sababu ng'ombe wao wanaugua. Hiyo si heshima. Ni minyoo.

Nimeamua: teknolojia. Nitaweka kifaa getini. Mtu akipita, taa inawaka na sauti yangu inasema, "Marahaba!" Mpitaji atashtuka. Atatambua kwamba jibu limeshatoka na swali bado. Aibu itafanya mengine.

Jioni Martina, mke wangu, ametangaza kwamba mama yake anakuja Jumamosi kutoka Nduguti. Ana miaka themanini na mmoja, anaishi peke yake, na Martina anataka ahamie kwetu moja kwa moja. Mara ya mwisho alikaa siku mbili akaondoka. Nilikuwa nimemweleza, kwa upole kabisa, kwamba anasonga ugali kinyume na kanuni za joto. Martina amesema safari hii mama akirudi Nduguti wataondoka wawili, nami nitabaki na kanuni zangu. Nimemjibu kwamba nimesikia. Nilikuwa nachora mchoro wa waya.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda Ihanja, kwa Aneth, fundi simu pale barabarani. Nimepata vyote: spika, taa, betri, waya, na maikrokontrola. Hii ni kompyuta ya ukubwa wa kiberiti. Haina kioo wala mbwembwe. Unaiandikia maagizo mara moja, nayo inatii mpaka betri iishe. Ningekuwa na wanafunzi wa namna hiyo!

Aneth akauliza kifaa kitafanya kazi gani. Nikamweleza kwa dakika ishirini. Kisha akasema, shikamoo nyingi mbele, kwamba labda ingekuwa rahisi mimi mwenyewe kuwaita tu, hamjambo wanangu. Maskini! Mkubwa kuanza kusalimia ni sawa na kusahihisha mtihani ambao haujafanywa.

Nimepata pia kidude kinachotambua mwendo, Aneth anakiita "sensa". Jina zuri, fupi. Niliporudi Urbano akataka kujua nimebeba nini. Nikamjibu kwa mkato: naweka sensa getini. Akauliza kama serikali ina habari. Wivu huo! Nikamwambia sensa yangu haihitaji kibali cha mtu. Akaingia ndani upesi.

Jumatano, 4 Juni

Kifaa kimefungwa. Nieleze, maana siku moja shajara hii itasomwa. Kidude hakioni mtu. Kinahisi joto linalosogea. Mwili una joto, mwili ukisogea, joto linasogea, na kidude kinaiamsha kompyuta. Ni rahisi hivyo.

Kwa bahati mbaya mbuzi naye ana joto. Hadi saa sita nilikuwa nimewaitikia marahaba mbuzi saba, kuku wasio na idadi, na shuka la Martina lililokuwa likipepea juani.

Sauti nimeirekodi mara kumi na moja. Ile bora kuliko zote ina kasoro ndogo. Baada ya "Marahaba!" anasikika Martina akiuliza, "Unaongea na nani wewe?" Nimeiacha. Inaongeza uhalisia.

Alhamisi, 5 Juni

Hakuna aliyepita. Hata mmoja! Hata mbuzi wamepelekwa malishoni kwa njia ya nyuma ya nyumba ya Urbano.

Saa tano amekuja Magreth, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akiwa na daftari. Amesema kijiji kizima kinajua kwamba Mwalimu Mughwai amepewa kazi ya sensa, na kwamba ukikatiza getini kwake unapigwa taa, unahesabiwa wewe, watoto na mifugo. Gerald, ambaye hakuna ajuaye ana ng'ombe wangapi naye anapenda ibaki hivyo, amewazungushia korongoni. Mzee Damiani amesema atapita akishakubaliana na nafsi yake ana watoto wangapi.

Nikamweleza Magreth kwamba sensa hii si sensa. Haihesabu. Akauliza kama haihesabu, kwa nini inaitwa sensa. Swali la msingi. Nikaanza na historia ya umeme. Nilipofika kwenye sumaku, alikuwa ameshaondoka.

Alasiri wamekuja wanawake watatu kutoka upande wa pili wa kijiji. Wamesikia wanaohesabiwa kwangu watapata mahindi ya msaada. Wote watatu wamesema shikamoo, tena kwa kupiga goti! Ninaandika hapa bila majivuno: kifaa kinafanya kazi.

Ijumaa, 6 Juni

Watu wameanza kupita tena, baada ya Urbano kuwaambia kwamba kidude changu hakihesabu chochote na hakina faida yoyote. Msaada mwingine huja umevaa matusi.

Asubuhi tatizo la kisayansi. Mzee Damiani amepita, na kifaa kikamwambia marahaba. Ana miaka tisini! Amesimama akakikagua kifaa. Amesema baba yangu hakuwa hivi.

Basi nimeifundisha mashine adabu. Itamjuaje mzee? Kwa mwendo! Mzee hutembea taratibu, kijana hukimbia. Nimeandika upya programu: anayekatiza geti kwa sekunde chini ya nne ni mdogo, anapewa marahaba. Anayezidi ni mkubwa, anapewa shikamoo kwa sauti yangu ile ile. Hoja haina tundu.

Martina amesema mama yake akifika kesho hataki kuona kitaa chochote kinawaka pale getini. Nimeahidi, na nimeizima taa. Sauti hakuitaja.

Jumamosi, 7 Juni

Tundu lilikuwepo.

Sikuzingatia basi. Mama mkwe ametoka Nduguti alfajiri, njia nzima hakushuka, na choo chetu kiko nyuma ya nyumba. Bibi ambaye Martina alisema miguu imemwisha amekatiza geti kwa sekunde mbili na nusu.

"Marahaba! Unaongea na nani wewe?"

Mkwe wangu! Mtu ambaye hata kumtazama usoni naogopa! Nimemwitikia salamu ambayo hajaitoa, halafu mke wangu akaonekana kumsuta mama yake mzazi.

Nyuma yake, taratibu kama bwana harusi, akaingia Urbano. Alikuwa amempokea mizigo barabarani. Kifaa kikampima, kikampigia shikamoo. Sauti yangu. Urbano nimemzidi miezi minane! Akasimama wima, akajibu, "Marahaba, Mwalimu."

Mama mkwe alipotoka chooni hakuingia ndani. Alimwuliza Martina kama nilikuwa hivi tangu zamani au ni kustaafu. Nikaanza kumweleza habari ya joto la mwili. Nakiri mada haikufaa. Akauliza basi la kurudi ni saa ngapi. Ni kesho. Akachukua mzigo wake, akavuka njia, akaenda kulala kwa Urbano. Urbano amechinja jogoo. Martina amekunja kanga zake nne na kumfuata. Hakugombana nami hata kidogo. Afadhali angegomba.

Nimekula kiporo. Nilipokuwa natoka kwenda kuosha sahani pampuni, kifaa kimenipa shikamoo. Natembea taratibu siku hizi.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi nimekwenda kwa Urbano. Mama mkwe alikuwa ameketi nje kwenye kiti, mzigo miguuni, akisubiri basi. Nimeinama, nimesema shikamoo mama. Hakuitikia. Amemgeukia Martina akauliza, huyu ni mtu au ile mashine?

Nimerudia. Amesema mashine husema kila mtu anapopita. Basi nirudi nyuma, nipite.

Nimepita. Shikamoo mama. Nimepita tena. Amesema sauti haitoshi, labda betri. Urbano alilazimika kuingia ndani, nikamsikia anavyocheka hadi anakohoa. Mara ya tisa kanisani walikuwa wametoka, na njia nzima imejaa watu wanaomtazama Mwalimu Mughwai akipita na kurudi kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mara ya kumi na mbili akasema marahaba, mwanangu.

Kisha akawageukia watazamaji. "Wewe! Mtoto wa nani wewe?" Kila aliyeulizwa alinyoosha mgongo, akasalimia, akataja baba yake. Hakuna aliyethubutu kuondoka kabla hajaulizwa. Amepokea shikamoo sitini na tatu. Nimehesabu.

Walipopungua, amesema kwa sauti ndogo kwamba kule Nduguti njia haipiti kwake. Hupita siku tatu hajapata mtu wa kumwitikia. Akamwambia Martina abebe mzigo, na mimi nibebe kiti nikakiweke getini kwetu. Sijui kwa nini, lakini kiti kilikuwa kizito sana.

Amehamia. Martina amerudi. Kanga ziko kabatini.

Jumatatu, 9 Juni

Ninachojifunza ni hiki: kifaa kilikuwa sahihi, sauti ndiyo haikufaa.

Mama mkwe hulala mchana kuanzia saa nane hadi saa tisa. Jana katika saa hiyo moja walipita watu kumi na wanne bila hata kugeuza shingo. Hasara kubwa. Leo asubuhi nimejificha nyuma ya kiti chake nikarekodi, bila yeye kujua: "Wewe! Mtoto wa nani wewe?"

Saa nane na robo nimefanya jaribio. Amepita Urbano. Kifaa kimeuliza. Amesimama, amevua kofia, ametaja jina la baba yake, na la babu yake pia.

Kesho asubuhi niko kwa Aneth. Nahitaji spika kubwa zaidi.