Nafasi Elfu Sitini na Tano

Mjini mwenye kazi huitwa kwa kazi yake, na asiye na kazi huitwa kwa tabia yake. Huyu walimwita Mteremko, kwa kuwa tangu abalehe hajapanda mlima wowote uitwao jasho.

Asubuhi hiyo alikuwa na gari la kuazima, la shemeji yake, na amri ya mkewe, ambayo haikuwa ya kuazima. "Basi la mama linaingia saa nne. Mama hajakuamini hata siku moja. Akifika stendi asikukute, usirudi hapa. Kalale juu ya huo ulimi wako."

Stendi ilikuwa ng'ambo ya barabara na haikuwa na pa kusimamisha hata baiskeli. Mteremko akakata kona kwenda maegesho ya nyuma ya maduka: yadi yenye ukuta pande zote, lango moja linalotazama stendi, kizuizi cha kupanda na kushuka chenyewe, na ubao wa taa nyekundu unaotaja nafasi zilizobaki. Ubao ulisema 1, na mbele yake kulikuwa na pikapu. Pikapu ikaingia, ubao ukasema 0. Mstaarabu angegeuza. Mteremko alimganda mwenye pikapu mgongoni kama kupe, na kabla kizuizi hakijashuka, naye yumo.

Ubao ukapepesa kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Kisha ukaandika: 65535.

Akaegesha gari mwisho kabisa, limebanana na ukuta, akashuka akautazama ubao. Elfu sitini na tano! Katika yadi ambayo kuku asingepata pa kutagia! Sababu hakuijua wala hakuitafuta. Nzi haulizi asali kamwaga nani. Alichoona ni foleni ya magari nje na kizuizi kinachopanda kwa kila anayesogea.

Kwenye buti la gari la shemeji kulikuwa na fulana ya kung'aa, ile ya mafundi barabara. Akaivaa. Ukivaa fulana hiyo hata mbwa anakuuliza njia.

Mlinzi akatoka kibandani na kikombe cha chai. "We nani?"

"Makao makuu. Upanuzi."

"Upanuzi gani? Ukuta si uleule?"

"Kaka, kati yako na ubao, nani anajua hesabu?"

Mlinzi akautazama ubao. Ubao, kama kila kitu kinachowaka, ulikuwa na heshima yake. "Ubao," akakiri, akarudi kwenye chai.

Mteja wa kwanza alikuwa bwana mwenye suti. "Mbona hapa kila siku pamejaa?"

"Hiyo ilikuwa jana, mheshimiwa. Leo tumefungua upande wa ndani. Ada ya upanuzi kidogo tu, unapita."

"Risiti je?"

"Risiti si ule ubao? Umewahi kuona risiti inayong'aa?"

Yule bwana akacheka, na anayecheka ameshalipa nusu. Nyuma yake wakaja wengine, kila mmoja akimpongeza mwenye yadi kwa maendeleo. Magari yakajaa njia za kupitia, yakapakatana, yakafika hadi langoni. Ubao ulipunguza moja moja bila haraka. Kwa namba ile Mteremko angeuza nafasi mpaka wajukuu zake waoe.

Akatazama saa. Saa nne na nusu! Akaenda kulichukua gari.

Gari lilikuwepo. Mbele yake lilikuwepo la bwana wa suti, mbele ya hilo jingine, na jingine, hadi langoni, na wenyewe wote madukani. Alikuwa ameuza mpaka njia yake ya kutokea, tena kwa bei nzuri.

Simu ikalia. "Umempata mama?"

"Niko naye karibu," alisema, akakata, akaanza kuruka maboneti.

Kwa mara ya kwanza mwezi ule alikuwa amesema kweli. Mama mkwe alikuwa langoni na mabegi mawili.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Nimesubiri mpaka kondakta kanionea huruma. Nikakuona toka ng'ambo, unawaka kama taa ya breki."

"Kazi, mama. Nimeajiriwa hapa."

Mama mkwe akaitazama fulana, akayatazama magari, na uso wake ukalainika. "Kazi? Wewe? Basi Mungu mkubwa." Mteremko akahisi kitu kigeni kifuani, kama aibu, akakipuuza.

Hapo ndipo wenye magari walipoanza kurudi, na makelele. Mlinzi alikuwa ameshampigia fundi wa mashine, naye akafika na kompyuta yake, akafungua kisanduku chini ya ubao, akaguna.

"Aliyeandika programu hii, kwa lugha ya C, alichagua aina ya namba isiyo na alama ya kutoa. Haijui chini ya sifuri. Ukiwa kwenye sifuri ukaondoa moja, inazunguka mpaka namba yake kubwa kuliko zote. Kama mita ya gari la zamani ukiirudisha nyuma."

"Unaifuta?" Mteremko akauliza, kwa matumaini.

"Sifuti kitu. Hesabu iliyomo ndiyo hiyohiyo. Naiambia tu mashine iisome kama namba yenye alama."

Akabonyeza. Ubao ulikuwa 65513. Ukapepesa, ukaandika: -23.

"Ndio nini hicho, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Hasi ishirini na tatu, mama. Magari ishirini na tatu yameingia pasipo na nafasi."

Mama mkwe akawahesabu waliomzunguka mkwewe, mikono imenyooshwa. "Hawa ishirini na wawili. La ishirini na tatu la nani?"

Mlinzi akanyoosha kikombe kuelekea ukutani. "Lile, mama. Ndilo la kwanza. Huyo hakulipa."

Pesa zikarudi kwa wenyewe, mpaka zile za kwenye soksi. Magari yakatoka kinyumenyume, Mteremko akiyasukuma na kuyaelekeza, jasho likimtoka kwa miaka yote iliyopita. Mama mkwe alikaa juu ya begi lake kivulini akiusoma ubao kwa sauti: "Hasi tisa... Hasi nane... Sukuma, makao makuu!"

La shemeji likawa la mwisho. Mlinzi akashusha kizuizi. "Ada ya maegesho."

Mteremko akageuza mifuko. Ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Mama mkwe akafungua pochi, akalipa, akaingia kiti cha nyuma. Gari likapita, ubao ukasoma 0.

"Mama," Mteremko akasema kwa ile sauti yake ya mafuta, "yameisha basi? Tuanze upya, toka sifuri?"

"Sifuri ulikuwa jana, mwanangu," mama mkwe akasema, akifunga mkanda. "Kwangu leo unaanzia hasi moja. Endesha."