Mzaramo wa Semina ya Kigwa

Nurdini alikuwa na kipaji cha kusikia mazungumzo yasiyomhusu. Asubuhi ile alikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na stesheni ya Tabora, wanawake wawili wa kijiji cha Kigwa walipoketi meza ya pili na kuanza kulalamika. Kikundi chao cha kufuga nyuki kilikuwa na asali ya msimu mzima ndani ya madumu, lakini mfadhili aliyeahidi kuwajengea ghala alitaka kwanza wajifunze utawala bora. Mwalimu hawakuwa naye. Nurdini aliweka kikombe chini. Moyo wake ulijaa huruma, hasa kwa ile asali.

Wiki iliyofuata Kigwa ilipokea mgeni: Dokta Nurdini, mtaalamu wa utawala bora kutoka Dar es Salaam, Mzaramo wa kuzaliwa. Kusema kweli alizaliwa Isevya, palepale mjini Tabora, na mama yake ni Mnyamwezi. Lakini nani angemsikiliza mtaalamu wa Isevya? Alivaa koti zito lisilojali jua na viatu vilivyochongoka, akaja na guta lake, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Guta hilo ndilo mali pekee aliyowahi kuipata kwa jasho halali, naye alilipenda kuliko ndugu zake.

"Shikamoo, mama mwenyekiti," alimwamkia Pelagia, kiongozi wa kikundi.

"Marahaba, Dokta. Mzaramo wa wapi?"

"Kisarawe kabisa."

"Basi wewe mtani wetu," alisema Pelagia, na wanawake wakaangua kicheko. Nurdini naye akacheka, akiona mambo yameanza vizuri.

Kwa asiyejua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu walipokuwa wakibeba pembe kwenda Pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na kukunyang'anya ulichovaa, nawe unacheka tu. Ukinuna, umejivua utani.

Semina ilifanyika kwenye jengo la kigango cha kanisa, na haki isemwe, alifundisha vizuri. Alieleza kwamba mwenyekiti hashiki ufunguo wa stoo, kwamba viongozi hupokezana, kwamba mali ya kikundi si ya mtu, na kwamba anayenufaika na jambo hutoka nje wenzake wakilijadili. Alipofika kwenye njia za kuiba mali za vyama, alitoa mifano hai hata Recheli, mweka hazina, akaacha kusuka ukili wake. Mwizi anayefundisha uadilifu ana jambo moja la kuwazidi maprofesa: amefanya mazoezi.

Kosa lake lilitokea wakati wa chakula. Recheli alinong'ona kwa Kinyamwezi kwamba koti la Dokta linafanana na gunia la tumbaku lililosahaulika kwenye mvua, na wa kwanza kucheka akawa Dokta. Alijifanya amepaliwa na ugali. Recheli alimtazama Pelagia. Pelagia akaendelea kula.

Alasiri Nurdini alifikia alichokijia. Katika kijiji ambacho kila mtu ni shemeji ya mwenzake, alisema, asali haiwezi kuwa salama. Utawala bora unataka mdhamini wa nje, asiye na undugu na yeyote, aitunze mjini mpaka mfadhili aje kuikagua. Alikohoa kwa unyenyekevu. Yeye ana shughuli nyingi, lakini wakimwomba hatakataa.

"Umetufundisha anayenufaika atoke nje," alisema Pelagia. "Basi tupishe, baba."

Nurdini akatoka. Alisimama juani na koti lake, akisikiliza vicheko kutoka ndani. Alipoitwa aliambiwa mkutano umekubali. Madumu yakapakiwa mpaka guta likainama nyuma, mgambo wa kijiji akitazama kutoka kivulini. Nurdini alitamani kuimba. Alipanda, akawasha.

Hapo Recheli akachomoa ufunguo. Akasema koti lile litamfaa yeye zaidi. Wanawake wakamzunguka mtani wao kwa vigelegele. Koti likatoka, viatu vikatoka, naye mwenyewe akateremshwa. Sayi, binti wa Pelagia aliyewahi kuendesha bodaboda mjini, akashika usukani. Nurdini alicheka sana, kama inavyompasa mtani. Alicheka hata walipomtangazia kwamba guta sasa ni la kikundi.

"Jamani, utani una mwisho," alisema hatimaye. "Hilo guta ndiyo maisha yangu."

"Na asali hii ndiyo maisha yetu," alisema Pelagia taratibu. "Watoto wanasoma kwa hiyo. Sasa chagua. Kama si Mzaramo, sema. Utani utakuwa haupo, utarudishiwa vitu vyako, na yule mgambo pale atapenda kujua ulikuwa unaipeleka wapi asali yetu. Kama ni Mzaramo, cheka, uende salama."

Nurdini alimtazama mgambo. Akalitazama guta. Tangu aanze kazi hii, hakuwahi kukutana na ukweli uliokuwa ghali kuliko uongo.

"Mimi ni Mzaramo," alisema.

Wakamshangilia. Recheli akampa chupa ya asali ya njiani. Sayi akaligeuza guta kurudisha madumu stoo, na wengine wakamsindikiza mgeni mpaka relini, wakimpungia mikono naye akiwapungia. Aliifuata reli kuelekea Tabora, miguu peku, akicheka kwa sauti ili wamsikie. Alicheka mpaka reli ilipokata kona. Hapo aliketi chini, akachungulia nyuma kuhakikisha hakuna anayemwona, akalia.