Mtanikumbuka na Pamba ya Evalina

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepata mbwa. Sikumtaka. Namhitaji.

Niandike ukweli, angalau ubaki mahali fulani. Miaka sita nilikuwa karani wa mizani wa chama chetu cha ushirika hapa Nkoma. Miaka sita, na sikuwahi kuiba hata konzi moja ya pamba. Msimu uliopita wakanitoa katikati ya ununuzi. Ati nina mdomo mbaya. Chanzo ni mama Felisita. Nilimwambia mbele za watu kwamba pamba yake ni fifi, pamba chafu ya daraja la chini, na kwamba ameimwagia maji iongezeke uzito. Nikalisukuma furushi lake kwa mguu. Baadaye ikajulikana alinyeshewa njiani. Sasa hilo kosa ni langu au la mvua? Wakamweka jirani yangu Bundala akaimu. Bundala anacheka na kila mtu. Sijawahi kumwamini mtu wa namna hiyo.

Jumamosi, siku ya kwanza ya ununuzi, bodi inachagua karani wa msimu huu. Nafasi ni hiyo moja, na sisi wawili ndio tunaoijua mizani.

Leo kulikuwa na mkutano wa usafi wa pamba. Bibi shamba wetu, Madam Maximiliana, ambaye bodi inamsikiliza kuliko inavyomsikiliza mwenyekiti, akasema mbwa wake amezaa. Anatoa watoto kwa mtu atakayekubali kumfuga ndani na kumfundisha kujisaidia nje bila kumpiga. Akasema mwenye uvumilivu wa kazi hiyo ana uvumilivu wa kusimama na mkulima aliyechoka kwenye mizani. Watu wakacheka. Hapa kwetu mbwa analala na ng'ombe zizini, na habari za choo chake hazimhusu mtu. Mimi sikucheka. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi.

Nimepewa dume, jeusi, tumbo kubwa, pamoja na karatasi ya maelekezo. Madam anakwenda kozi Mwanza, anarudi Jumamosi yenyewe. Atakuta mbwa ana adabu na mimi ni mpole.

Jina lake Mtanikumbuka. Nimesimama kwenye ua wa minyaa unaonitenga na Bundala, nikamwita mara saba.

Jumanne, 10 Juni

Mke wangu Evalina ameuliza kama naumwa. Mbwa sebuleni! Nikamsomea karatasi yote. Usimpige. Usimfokee. Usimsugue pua kwenye uchafu wake. Mtoe nje akiamka, akila, akicheza. Akijisaidia nje, msifu papo hapo kwa furaha, umpe kitu kidogo cha kutafuna. Akikosea ndani, futa, nyamaza. Evalina akasikiliza mpaka mwisho. Akasema angefurahi kama kungekuwa na karatasi ya namna hiyo kwa ajili ya wake za watu. Mpole hajibu.

Mpaka saa nne asubuhi amekojoa ndani mara tano. Kwenye mkeka. Mguu wa kiti. Kiatu changu cha kushoto. Kiatu cha kulia. Mara ya tano alikuwa mikononi mwangu, tunatoka nje.

Sikumpiga. Nilifunga mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto nikahesabu mpaka ishirini.

Alipofanikiwa nje kwa bahati, tatizo likawa furaha. Sina mazoea nayo. Nilimwambia "wabeja", ahsante ya kwetu, kwa sauti ya mtu anayepokea stakabadhi. Akaniangalia tu. Nikakumbuka bibi yangu alivyokuwa akishukuru watu. Nikainama, nikapiga makofi, wabeja, wabeja sana, wabeja kulumba, nikampa dagaa wawili wa Lamadi. Mkia ukacheza. Nyuma ya minyaa mtu akakohoa. Bundala.

Evalina amesema ana miaka kumi na tisa katika nyumba hii na hajawahi kuambiwa wabeja tatu mfululizo. Alisema akiwa amenipa mgongo, anapepeta mchele. Nikamtoa mbwa nje tena.

Jioni nimesikia Bundala naye anaita mbwa wake. Ni yule yule wa zizini, miaka minne hana jina. Tangu leo anaitwa Tulishasahau.

Jumatano, 11 Juni

Karatasi ina kifungu ambacho sikukisoma vizuri jana. Mbwa hufuata harufu. Chukua kitambaa ulichofutia mkojo wake, kiweke pale unapotaka aende, atajua pale ndipo.

Kitambaa hakuna. Shati langu la zamani nililokuwa nafutia limekwisha tangu jana. Nikagusa kanga moja kwenye kamba, Evalina akaniangalia. Nikaiachia.

Lakini pamba ipo. Chumba cha ndani kimejaa mpaka kwenye kenchi. Ni ya Evalina. Shamba langu mwaka huu halikuzaa, maana wakati wa palizi nilikuwa naandika barua za rufaa kwenda chama. Yeye alilima lake, akavuna mwenyewe tangu mwezi wa tano, mgongo umepinda, vidole vimechanika kwa maganda. Pamba nyeupe peke yake, fifi peke yake pembeni. Haruhusu mtu aingie mle na viatu. Anasema pamba hiyo ndiyo mabati ya jiko lake, kwa sababu amechoka kupikia kwenye mvua.

Nikachukua konzi moja. Nani ataiona konzi moja? Nikafutia, nikaiweka nje karibu na choo. Mtanikumbuka akanusa, akazunguka mara mbili, akafanya. Wabeja, makofi, dagaa. Nikaweka konzi nyingine. Akafanya tena. Mpaka jioni mara nne, zote juu ya pamba, zote safi kabisa.

Nimegundua jambo ambalo Madam na kozi zake zote hakuliandika. Mbwa wa Usukumani afundishwe kwa pamba. Nitamweleza Jumamosi, mbele ya bodi.

Alhamisi, 12 Juni

Sakafu ya sebule kavu tangu asubuhi mpaka jioni. Hata tone. Anakula, anatoka mwenyewe hapo sebuleni, anapotea kidogo, anarudi amepumzika, ananitazama. Hata simsindikizi tena. Nampa dagaa wake akirudi.

Nimekwenda dukani kwa Thomasi kuwaeleza watu waliokaa barazani. Nikasema siku tatu, bila fimbo. Nikasema upole ni kipaji, wengine wanacheka cheka tu wakidhani ni upole. Bundala alikuwepo. Akasema hongera, jirani, kwa kweli umetushinda. Akaninunulia soda. Nimeinywa yote, ila sijafurahi hata kidogo. Mtu akikuonea wivu anatakiwa aonekane ana wivu.

Mama Felisita alipita pale barazani. Nilimwamkia, mwadila mayu. Akaitikia akiwa ameshanipita. Nimeandika hapa kwamba nilianza mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Saa tatu asubuhi Evalina amekwenda kwaya. Nimemtafuta mbwa nimpe uji wake. Nje hayupo. Mlango wa chumba cha ndani, ambao haufungi vizuri na ambao mimi ndiye niliyeahidi kuutengeneza tangu Pasaka, umesukumwa. Nikaingia. Mtanikumbuka alikuwa juu kabisa ya lundo la pamba nyeupe, amechutama, anafanya haja yake taratibu. Alipomaliza akanigeukia, masikio juu, anasubiri wabeja.

Nikapanda. Nikaingiza mkono. Majimaji hapa. Majimaji pale. Njano. Na kingine. Jana yote! Juzi jioni pia, bila shaka. Sakafu yangu kavu niliyoisimulia kwa Thomasi ilikuwa kavu kwa sababu hii.

Nilivua ndala. Niliinua mkono. Na yeye akatikisa mkia, maana mkono wangu ukiinuka siku hizi unashuka na dagaa. Nikakaa chini kwenye pamba, ndala mkononi. Sijui nilikuwa nalia kwa ajili ya nani, lakini niliona vidole vya Evalina, na kesho Jumamosi.

Halafu akili ikarudi. Madam anafika kesho. Nikimwambia Evalina, kelele zitasikika mpaka kwa Bundala, na Bundala atafika ofisini kabla yangu. Nikianika pamba uani, kijiji kizima kitauliza. Basi nimefunga mafurushi mwenyewe. Pamba iliyolowa nimeiweka katikati kabisa, safi nimeizungushia pande zote, nikakaza shuka mafundo mawili. Kesho bado Bundala ndiye anayepima, naye akiwa kwenye mizani hapendi kumuudhi mtu, hataingiza mkono. Baada ya mizani ni mali ya chama.

Evalina aliporudi akakuta mafurushi sita yamepangwa mlangoni. Akasimama. Akasema wabeja, baba Milembe. Akasema kumbe mbwa amenifundisha kitu. Akanipikia samaki, usiku huu nimemla kwa shida.

Jumamosi, 14 Juni

Mwanzo mambo yalikwenda. Foleni ndefu ghalani, bodi yote imekaa kwenye benchi, Madam ameshafika. Nilimbeba Mtanikumbuka kifuani aonekane. Madam akamkuna masikio, akauliza anaendeleaje, nikasema sakafu kavu. Hilo si uongo.

Zamu ya Evalina ikafika. Bundala akapima furushi la kwanza, la pili, la tatu, hakuingiza mkono, anamuuliza shemeji habari za kwaya. Nilianza kupumua. Mzito kidogo mzigo huu, akasema, akaandika.

Madam akainuka kwenye benchi. Akafungua furushi la tatu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akautoa. Akaunusa.

Mtu mmoja nyuma akasema maji. Neno likapita foleni nzima: Magese amemwaga maji kwenye pamba. Mimi! Nilifikiri haraka. Nikisema ni maji, mimi ni mwizi. Nikisema ni mbwa, mbwa hajafundishwa kitu. Nikasema ni umande. Mwezi wa sita, kiangazi. Walicheka mpaka wenye baiskeli nje wakaja kuuliza kuna nini.

Evalina hakucheka. Alinusa naye. Aliniangalia, kisha akamwangalia mbwa, na niliona akipiga hesabu yote bila msaada wangu. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba pamba ni yake, siyo maji, ni mkojo wa mbwa wa mume wake, na hakujua, lakini mkulima anajibu kwa furushi lake. Akaomba yale matatu yaliyopimwa yafutwe kwenye kitabu. Akafungua yote sita chini pale, akapiga magoti, akaanza kuchambua konzi kwa konzi mbele ya watu wote. Nzuri huku. Mbovu kule, na hiyo mbovu akasema isipimwe hata kama fifi. Mama Felisita akatoka kwenye foleni, akapiga magoti upande wa pili, wakachambua pamoja. Karibu robo ilikwenda kule kwenye mbovu. Hakulia. Ningependa angelia, au angenitukana, ningejua pa kusimama.

Nilimweleza Madam kuhusu konzi za karibu na choo, ili aone kwamba njia yenyewe ilifuatwa. Akasema mbwa huyu ni mwerevu sana, amejifunza vilevile alivyofundishwa. Nimefurahi kwamba ameona hivyo. Kosa basi ni la mlango.

Saa tisa bodi ikatoa uamuzi. Bundala hapana, karani asiyeingiza mkono si karani. Mimi hata jina halikusomwa. Karani wa mizani wa msimu huu ni Evalina. Wakapiga makofi. Bundala alipiga kuliko wote, mnafiki, akamwambia shemeji atamwelekeza kitabu cha mapokezi.

Jikoni kwake bado hakuna bati.

Jumapili, 15 Juni

Evalina amehamishia mbwa kwenye banda la kuku. Kanisani watu walimpa mkono yeye, mimi walinipita. Aliporudi alikaa kusoma kitabu cha mizani, kalamu sikioni. Nilijitolea kumfundisha. Akasema ahsante, Bundala ameshamaliza. Nikamwambia katika nyumba yenye karani, mwanamume ndiye anayebaki na funguo za ghala. Akageuza ukurasa.

Nimefikiri mchana kutwa. Sina kinyongo. Nalitazama jambo hili kwa faida ya chama tu. Nimekaa uani nikaandika ukurasa mmoja na nusu kwa mwandiko wa kulalia kushoto, ili usijulikane. Nimeieleza bodi kwamba karani mpya analala nyumba moja na mbwa asiyejua choo, kwamba pamba ya watu haiwezi kuwa salama na mtu wa nyumba hiyo, na kwamba wamtoe kabla ya ununuzi wa Jumatano, wamweke mtu anayeijua mizani, mtu mzima, ambaye siku tano nzima alikuwa na sababu ya kupiga na hakupiga. Jina sikutaja, watajua wenyewe. Nimesaini Mkulima Mpenda Haki.

Barua zote za chama hufunguliwa na karani. Hilo nalijua, nimezifungua miaka sita. Kwa hiyo juu ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa KARANI ASIFUNGUE, nikaigandisha kwa gundi pande zote nne. Nimempa Evalina. Kesho asubuhi anakwenda ofisini, ameahidi kuifikisha.